Vitabu vya Pri Haviguswi

Nilifungua kabati mwenyewe. Ufunguo ulikuwa umebakia mu kitasa, na direktere wa masomo, mukubwa wa shule ya binti yangu, alikuwa amenipa mugongo mu biro yake, anaongea na simu. Alikuwa ametoka kuniambia, tena, kwamba mutoto wangu hawezi kurudishiwa kitabu cha pri kwa sababu mutoto wangu hajapata pri, ile zawadi ya wa kwanza mu klasi. Aliyasema kwa upole. Upole wake njo ulinimaliza. Angenitukana, ningemutukana, tungekuwa sawa na ningeenda kwangu. Lakini alitabasamu, simu ikalia, akageukia dirisha, na mimi nikabakia nimesimama pale kama mutu aliyekuja kuomba chumvi.

Nikakumbatia vitabu vile mutu anabeba kuni. Vilikuwa vizito na vinateleza, kila kimoja kimefungwa mu plastiki yake. Nikavitoa inje. Ilikuwa saa ya mapumziko, uwanja umejaa watoto, makelele mpaka barabarani. Nikapiga magoti, nikavipanga chini juu ya yale mawe yetu meusi ya volkano, majalada yakiangalia mbingu, na zile alama za duara za rangi ya zahabu ziking'aa ku jua. Kiisha nikasimama na nikapiga kelele:

"Batoto! Kujeni! Kujeni musome! Ni vyenu!"

Hakuna aliyekuja.

Hicho kinanichoma mpaka leo kuliko yote yaliyofuata. Uwanja muzima wa watoto, na hakuna hata mumoja aliyenyoosha mukono. Waliacha mupira. Waliacha kamba. Walisogea kidogo, wakafanya duara, wakaviangalia vile vitabu kama kitu kilichoanguka toka juu na hawajui kama kitalipuka. Watoto wa Goma wanajua kuangalia kitu hivyo. Kila mara waliinua macho ku mulango wa biro. Katoto kamoja ka klasi ya kwanza kalinyoosha kidole, dada yake akakapiga mukono: "Acha! Ni vya pri!"

Binti yangu alikuwa ku dirisha la klasi ya ine. Aliniona. Akafunga dirisha.

Direktere akatoka, simu bado mukononi.

"Mama, unatupa vitabu vya masomo chini?"

"Mu kabati njo vilitupwa, papa direktere. Hapa viko karibu na wenyewe."

"Okota."

"Waite batoto baokote. Kila mumoja chake."

"Mama, okota, ao minaita batu bakutoshe inje."

Nikaokota. Nikaokota peke yangu, nimeinama mbele ya watoto wote, na machozi ya hasira yananiangukia ku plastiki. Na kwa sababu nilikuwa nimeinama karibu hivyo, kwa mara ya kwanza nikasoma maandishi madogo yanayozunguka ile alama ya zahabu. Nilikuwa nimeiona mara nyingi, lakini jicho langu lilisomaka neno moja tu kubwa, Prix, na likatosheka hapo. Kumbe kulikuwa na maneno mengine. Yalisema: pri ya riwaya ya vijana. Nikageuza kitabu. Nyuma waliandika kwamba watoto wa mashule ya inchi kilikotoka njo walikisoma na wakakipigia kura, miaka mingi sana nyuma, na tangu hapo watoto hawajaacha kukisoma.

Nikasimama na kile kitabu.

"Papa direktere, soma hapa. Ni kitabu njo kilipata pri! Si mutoto! Kitabu njo kilikuwa premie!"

Alisoma. Nilimuona anasoma, midomo yake ilitikisika. Kiisha akanipokonya kitabu, akakipanguza na mukono wa koti, na akasema neno ambalo ningemusamehe yote kama asingelisema:

"Pri ni pri."

*

Mwenye hajasoma kwetu hataelewa namna mutu mwenye diplome anaweza kukosea hivyo. Mimi mwenyewe nilikosea pamoja naye, miezi mizima. Kwetu, pri ni kitu cha siku ya proklamasio. Mwisho wa kila muhula wazazi wanakaa ku viti, watoto wanasimama mu jua, direktere anasoma majina toka wa kwanza mpaka wa mwisho, na premie, yule wa kwanza, anaitwa mbele kupokea pri yake. Mara ni kalamu, mara ni sahani, na mu mashule ya watu wenye uwezo ni kitabu kimefungwa na karatasi ya maua. Wengine wanapiga makofi na wanarudi nyumbani mikono mitupu. Basi karto ikifika toka ngambo, ukaifungua, ukakuta vitabu vimeandikwa Prix ku kifua, utafikiri nini? Utafikiri wametuma pri. Utavifungia mu kabati la vioo mu biro ungojee mapremie.

Hivyo njo direktere alifanya. Na proklamasio ilipofika hakuwapa hata hao mapremie, sababu aliona vitabu ni vizuri kupita kiasi, akawapa makaye ya kuandikia. Vitabu vikabakia ndani ya kioo. Wageni wakija, inspektere akija, wanapigwa picha mbele yake.

Lakini kitabu kimoja kilimuponyoka. Siku karto inafika, mwalimu wa klasi ya ine, dada mumoja ambaye watoto wanamuita madamu, alikitosha mu karto, juu kabisa, akamupa binti yangu. Alinielezea baadaye: "Mama, alikuwa anakiangalia sana. Mimi minakuwa na furaha mutoto akiangalia kitu."

Hapo lazima niseme binti yangu alikuwa namna gani. Alikuwa na miaka kumi na hakujua kusoma. Hapana kwamba hana akili. Tulitoka upande wa Rutshuru tukikimbia, tukakaa mu kambi, tukatoka mu kambi, tukafika Majengo, hapa Goma, kwa dada ya bwana wangu, na kila mara mutoto anaanza klasi, mabomu yanaanza pia. Kila mwaka alijifunza zile herufi za mwanzo, kiisha tunafunga mizigo. Mu klasi ya ine alikuwa anaangalia ubao vile mutu anaangalia wadudu wanatembea ku ukuta. Wa mwisho ku kila proklamasio, ao jirani wa mwisho. Alianza kuniuliza kwa nini asibakie tu na mimi kuuza sambaza.

Mimi nauzaka sambaza, hawa samaki wadogo wa ziwa, kule Kituku. Mitumbwi inafika asubuhi, tunapokea samaki, tunatandika mu jua, tunageuza. Kugeuza sambaza ni kazi ya mikono, kichwa kinabakia bure. Binti yangu alikuja na kile kitabu siku ya posho, Jumamosi, akakaa ku ndoo iliyogeuzwa, akaanza kutafuta maneno moja moja kama mutu anatoa mawe mu muchele.

Ilikuwa hadithi ya musichana fulani wa milimani na punda kipofu. Musichana anapeleka chumvi kwa kaka yake upande wa pili wa milima, na ule punda njo anabeba. Binti yangu hakuwahi kuona punda.

"Mama, huyu njo yule wa Yesu?"

"Njo yeye. Soma."

Alisoma Kifaransa, mimi nikatafsiri kwa Kiswahili. Mwanzoni mustari mumoja ulikula muda wote wa kugeuza wavu muzima wa samaki. Kiisha mistari miwili. Kiisha siku moja nilitafsiri vibaya, nilikuwa nachoka, na akanikatiza: "Hapana, mama. Haisemi vile. Inasema alikuwa na *aibu*, hapana woga." Niliangalia upande wa ziwa ili asione uso wangu. Mutoto ambaye masomo yalimuandika wa mwisho alikuwa ananisahihisha mimi, mwenye kumaliza sekondere, na alikuwa na haki.

Wamama wengine wa samaki wakaanza kusogeza nyavu zao karibu. Hawakukubali kwamba wanasikiliza. Walikuja eti kuomba kisu, kuomba kivuli. Lakini asubuhi, kabla ya salamu, wananiuliza: "Punda amefika wapi?"

"Amekataa kuvuka daraja."

"Ju ya nini?"

"Anasikia linatikisika."

"Huyo punda iko na kichwa nguvu sawa bwana yangu."

"Bwana yako angevuka tu kama kuna pombe ngambo!"

Tulicheka. Siku zile tulicheka, na watu walikuwa na matatizo mazito, banki zimefungwa, njia zimefungwa, hatujui hata ofisi gani inafanya kazi na gani imebakia mulango tu. Tulicheka juu ya punda. Ninaandika hivyo ili ieleweke kwamba sikugombana juu ya karatasi. Mutoto wangu alikuwa anatoka mu shimo, anapanda, nilikuwa namuona. Na alifika hapo ku daraja, punda amesimama, musichana anamusemesha ku sikio, na siku iliyofuata direktere akamuona ku musururu wa bendera na kitabu chini ya kwapa.

"Hiki umekitosha wapi?"

"Madamu njo alinipa."

"Wewe ni wa ngapi mu klasi?"

Wenzake wakajibu kwa niaba yake, kwa furaha.

"Na unashika kitabu cha pri?"

Masomo mazima yakacheka. Kitabu kikaingia mu kabati. Na tangu siku hiyo binti yangu akapata jina. Walimuita Premie. Wanamungojea ku mulango: "Premie! Premie wa nyuma! Pri yako iko wapi?" Mu barabara ya Majengo, mbele ya butike, hata kule ku maji. Premie. Jina zuri kabisa, na walilifanya kuwa mawe.

*

Mara ya kwanza nilienda kwa direktere na heshima yote, nimevaa kikwembe cha misa. Nilikuwa bado naamini kama yeye kwamba ni vitabu vya mapremie, basi nilienda kuomba huruma. Nikamuambia mutoto amefika katikati, amalize tu, nitakirudisha safi.

Alinikaribisha kiti. Ninasema ukweli juu yake, sababu hasira isinifanye muongo: huyu papa aliviokoa vile vitabu. Siku za risasi, watu waliingia mu masomo wakabeba mabanki ya kukalia kwenda kupika nayo, wakabeba milango, wakabeba mpaka ubao. Yeye alikuwa amebeba ile karto ku kichwa, akaificha chini ya kitanda chake, na watoto wake walilala juu yake. Alinielezea hayo yeye mwenyewe.

"Mama, nikivitoa, kiisha siku kidogo vitakuwa karatasi za kufungia karanga. Minajua batu yetu."

"Batoto hawakuiba mabanki, papa direktere. Ni bakubwa."

"Mutoto anakuwaka mukubwa."

"Na asiposoma atakuwa mukubwa wa namna gani?"

Aligeuka akaangalia kabati. Nilifikiri nimemugusa. Kiisha akasema: "Ajikaze. Akikuwa premie, nitamupa na mikono miwili."

Wa mwisho akuwe premie bila kusoma, ili apewe kitabu cha kusoma! Nilirudi nyumbani na hayo maneno mu kichwa, nikiyageuza kama sambaza, na kila upande yalinuka. Nikarudi tena. Akasema ningojee rayisi wa kamati ya wazazi. Rayisi wa kamati akasema ningojee direktere. Nikarudi, nikaambiwa iko na wageni. Niliwaona kupitia kioo, wanapigwa picha mbele ya kabati. Nikarudi, na ile siku njo niliyoielezea ku mwanzo.

Jioni ile ile direktere alituma neno na mulinzi wa masomo: mutoto abakie nyumbani mpaka mama yake aje asimame mbele ya bendera, asubuhi, wanafunzi wote wakiwa ku musururu, aombe musamaha.

*

Bwana wangu anafanya biashara ya samaki Vitshumbi, na njia ikiwa mbaya tunaonana kwa simu tu. Nilimupigia, sauti yake ilikuja na upepo wa ziwa lingine.

"Kitabu?" akasema. "Unatupa masomo ya mutoto juu ya kitabu?"

"Sikutupa masomo. Walimufukuza."

"Omba musamaha, mama. Neno moja tu. Utakufa?"

"Niombe musamaha juu ya nini? Kwamba nilisema watoto wasome?"

"Omba juu ya makelele. Wewe unajua uko na makelele."

"Hayo makelele ulilipia ngombe, papa. Usiyalalamikie leo."

Alicheka, na mimi nikacheka, na kiisha hakuna aliyecheka. Akasema polepole: "Mutoto akibakia inje mwaka huu, harudi tena. Unajua." Nilijua. Nilikuwa naona mambo mawili tu mbele yangu, na yote mawili yalimumaliza mutoto. Nikisimama mbele ya bendera, niseme nilikosea, basi wale waliomuita Premie walikuwa na haki, na mama yake mwenyewe ameweka kashe juu, kama muhuri wa biro. Nisiposimama, hana klasi.

Nilimufuata madamu kwake. Nilimuomba tu aandike kwamba yeye njo alimupa kitabu, kwamba mutoto hakuiba. Alinishika mikono. Alilia mbele mimi sijalia.

"Mama, minajua. Lakini bakinitosha ku kazi, batoto yangu banakula nini?"

Nilimuacha ku mulango wake.

Na mutoto? Mutoto alikunja iniforme yake, akaiweka chini ya mukeka, akaanza kuja na mimi Kituku kila asubuhi. Hakulia. Alibeba bidoni za maji, aligeuza samaki, alifukuza ndege. Wale wamama walimuuliza mara moja juu ya punda, akasema hajui, hawakurudia kuuliza. Nilijipa moyo. Nilisema atapoa.

Siku fulani mama mumoja muzee, anayeuza ndagala karibu nasi, alipokea mesaji ku simu. Mutoto wake yuko mbali, na yeye hajui kusoma. Alizoea kumupa binti yangu simu amusomee. Tangu zile siku za kitabu alikuwa anamuita sekretere wangu, na binti yangu anapenda hilo jina kupita sukari. Basi muzee akanyoosha simu:

"Sekretere, niangalilie. Ni muzima? Anasema nini?"

Binti yangu aliangalia kioo cha simu. Niliona macho yake yanatembea ku mustari, yanafika mwisho, yanarudi. Alikuwa amesoma. Alisoma yote. Kiisha akarudisha simu na akasema:

"Sijui kusoma, nyanya."

"Aa! Juzi ulijua!"

"Nilikuwa nadanganya. Mimi ni wa mwisho."

Nilichukua simu nikamusomea muzee mwenyewe. Mutoto wake alikuwa muzima, anasalimia. Muzee akashukuru Mungu. Mimi nikamurudishia simu yake. Nilimuvuta binti yangu pembeni, nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa, nikamutikisa mabega. Ndiyo, nilimutikisa. Nikamuambia, "Soma! Soma kile kimeandikwa ku mutumbwi! Soma!" Kulikuwa na herufi kubwa za rangi nyeupe, jina la mutumbwi, kitu hata mutoto wa klasi ya kwanza anasoma. Aliangalia, akaangalia chini.

"Mama, omba tu musamaha," akasema. "Sitagusa tena kitabu. Kweli. Ata chako cha misa."

Sijui mama gani anasikia hayo na anarudi kugeuza samaki. Mimi sikurudi. Niliwaachia wenzangu nyavu, nikanunua karatasi mbili kubwa na kalamu ku kiosk ya Majengo, nikakaa chini ya ukuta wa nyumba ya wifi yangu, na nikaandika kwa Kifaransa chote walichonifundisha mu sekondere. Niliandika mara mbili, sababu hapa kwetu barua isiyo na ndugu yake inapotea: moja unawaachia, moja wanakupigia kashe unarudi nayo, wasije kusema hawakukuona.

Ku biro inayosimamia mashule, sekretere alikuwa papa mumoja wa upande wa Bukavu, shati safi, musalaba mudogo ku kola. Alichukua barua na vidole viwili.

"Mashitaki. Juu ya nini? Mutoto alipigwa?"

"Hapana."

"Mwalimu alimugusa vibaya?"

"Hapana, papa, Mungu atulinde."

"Walimuomba feza za frais?"

"Hapana. Ni kitabu."

"Kiliibiwa."

"Hakikuibiwa. Kinafungiwa."

Aliinua uso. "Mama, kitabu kufungiwa, hiyo ni mashitaki gani? Sina pa kuyaweka."

"Weka mahali unawekaka njaa."

Aliniangalia sana. Nilifikiri atanifukuza. Wamama waliokuwa wanangojea nyuma yangu wakaguna, mumoja akasema, "Mupigie tu kashe, papa, tuko wengi." Akasoma barua, toka juu mpaka chini, bila kuruka. Alifungua droo, akatosha kashe, akaipulizia pumzi sababu wino ulikuwa umekauka, na akapiga ku karatasi zote mbili, kwa nguvu, meza ikalia.

Hapa ninaiweka kwa Kiswahili, vile ilivyo.

"Bwana mukubwa wa mashule,

Mimi ni muzazi wa mwanafunzi wa klasi ya ine, musichana, mwenye miaka kumi. Ninashitaki masomo anayosoma, kwa jambo hili.

Masomo yalipokea riwaya za vijana. Riwaya hizo zilipewa pri kwa sababu watoto walizipenda, na inaandikwa wazi ku jalada. Direktere alielewa kwamba ni pri za kupewa watoto wa kwanza. Hata mimi nilielewa hivyo, sababu wote wawili tulisoma mu mashule yale yale. Kukosea neno si kosa. Kosa ni kuonyeshwa neno na kuendelea kufunga kabati.

Binti yangu alikuwa anajifunza kusoma mu kimoja cha vitabu hivyo. Alipewa na mwalimu kwa mukono, hakuiba. Alinyanganywa mbele ya wenzake na akaulizwa yeye ni wa ngapi. Tangu hapo anajua kusoma na anasema hajui. Ninaomba muandike hilo mu dosie yenu kama jeraha, sababu ni jeraha, hata kama halitoki damu.

Mimi nilitoa vitabu mu kabati bila ruhusa na nikaviweka chini inje. Hakuna kilichopasuka. Kama kuna azabu juu ya hilo, nipewe mimi, muniite nitakuja. Mutoto hakufungua kabati. Kumuweka inje ya klasi juu ya mukono wangu si sheria ya inchi yoyote ninayoijua, na tumekaa chini ya nyingi.

Sitasimama mbele ya bendera kusema kwamba nilikosea kutaka watoto wasome. Nikisema hivyo, binti yangu ataniamini.

Ninadai mambo haya: arudi mu klasi yake bila sharti, arudishiwe kile kitabu mukononi, mbele ya wale wale waliocheka, na amalize, na lile kabati lifunguliwe kwa watoto wote, wa kwanza na wa mwisho, na wa mwisho waanze.

Muniandikie jibu. Musinitumie neno na mulinzi. Ninakaa Majengo, asubuhi napatikana Kituku kwa wauza sambaza, na nitarudi hapa mu biro yenu kila siku mutakayofungua mulango.

Muzazi."